Zamu Tatu za Kiboko

Buyenzi, Bujumbura
12 Januari 2025

Anouar,

Salamu. Kabla hujauliza: sisi wazima, mgonjwa ni petroli tu, watu wanapanga mistari ya esansi kutwa. Garaji ya baba mdogo Massoudi imejaa magari yasiyo na cha kunywa, naye anashinda barazani kwangu akikagua mishono yangu kana kwamba anajua pindo ni nini.

Nakuandikia kwa sababu ya kadi yetu ya Kiboko. Yule msichana Joëlla wa Gihosha, mwanafunzi wa chuo kikuu, ameuharibu mchezo wetu, na ameuharibu bila kuvunja sheria hata moja. Sheria unazikumbuka, ni zako na zangu: kila mchezaji analeta kadi za madubwana wanne, uzito wao ukijumlishwa usipite ishirini. Kila zamu unapiga, au unampeleka dubwana wako benchi akapumzike, na kila zamu anayokaa benchi anarudishiwa pumzi mbili. Aliye benchi hapigwi. Basi Joëlla anampigisha Kiboko mara moja, anamkalisha. Anatanguliza kadi ya Ndagala Elfu, wafe polepole, na Kiboko amekaa tu anajaza pumzi. Akitoka ni mzima kama siku ulipomchora. Jumapili alicheza na Gélase wa Kanyosha tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Gélase akainuka akasema, "Mi nimechoka, bwana. Iyi si vita, iyi ni kupanga mustari ya esansi."

Napendekeza sheria ya ishirini na tatu: "Dubwana akae benchi zamu tatu, basi. Zamu ya tatu ikiisha hajarudi uwanjani, ahesabiwe ametoka." Nimeiandika kwenye karatasi ya pili na kutia saini yangu kushoto. Tia yako kulia, umpe Salvator wa lori aniletee. Mashindano ni siku ya tatu ya Idi ya mfungo kama kila mwaka, na bila saini mbili sheria haianzi kazi. Ulilisema wewe hilo, siku tulipokata kadi za kwanza kwenye katoni za sabuni: asiamue mmoja peke yake.

Bado ninayo ile karatasi tupu uliyoniachia Oktoba ya mwaka juzi ukipanda lori kwenda Dar, yenye saini yako chini na kitu kingine hakuna. "Ikitokea dharura na mimi sipo, andika juu yake unachoona ni haki." Sijaigusa. Imo ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo. Ulisema unakwenda mwaka mmoja kujifunza uchapaji, kisha urudi na kadi zetu zimechapwa kwa rangi. Idi moja imepita. Hii inayokuja ni ya pili.

Mambo mawili madogo. Dubwana wa ishirini na moja uliyeniahidi yuko wapi? Na mwandiko wako umekuwaje? Barua mbili za mwisho kama zimeandikwa na karani wa benki. Ningekuuliza kwa simu, lakini nyumba hii yote ina masikio, na wewe kwenye simu hujui neno ila "niko salama".

Nimekukumbuka. Naliandika mwishoni ili usiseme nimeanza na udhaifu.

Adija

*

Dar es Salaam
2 Februari 2025

Adija mwenye mizani,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kwa ajili ya Kiboko, mbili zilizobaki kwa ajili ya mstari wako wa mwisho. Huo si udhaifu. Ungeuanza nao, nisingemaliza barua.

Sasa tugombane kidogo. Sheria yako ni kali mno. Usimwue dubwana kwa kosa la mchezaji. Tuliapa kwamba kila dubwana awe na mmoja anayemtisha na mmoja anayemwogopa, na Kiboko anamwogopa Joka la mto Ntahangwa, anayekula kuta polepole mpaka nyumba inaanguka. Wafundishe vijana wamlete Joka. Wakishindwa, mwongeze Kiboko uzito, kutoka saba hadi tisa. Anayemtaka amlipie, akose nafasi ya dubwana mwingine mkubwa. Hapo mizani itakaa sawa, na benchi litabaki mahali pa kupumzikia, si mahali pa kuhesabiwa siku. Ndiyo maana nakurudishia karatasi bila saini yangu. Tujaribu kwanza.

Mwandiko usikutie shaka. Hapa kiwandani tunafundishwa unadhifu, hata barua za mapenzi zinatoka kama risiti. Dubwana wa ishirini na moja bado anagoma kutoka kwenye penseli.

Juzi sokoni nilimsikia mtu akisema "ndagala" badala ya dagaa. Nikaacha nilichokuwa nafanya nikamfuata kama hatua ishirini hivi, nipate tu kusikia atasema nini tena. Akanunua vitunguu, akaenda zake. Nilirudi kazini nimenuna siku nzima.

Wako,
Anouar

*

Buyenzi
23 Februari 2025

Anouar,

Tumejaribu. Wiki mbili, michezo kumi na minane, nimeandika matokeo yote. Kiboko wa uzito tisa ni msiba. Joëlla kamwacha dubwana mmoja nyumbani, anaendelea kushinda kwa mtindo uleule. Aliyeumia ni Gélase, ambaye hajawahi kumkalisha Kiboko benchi hata zamu moja. Anampenda, anapiga naye mpaka afe. Sasa hawezi tena kumbeba. Umemwadhibu asiyekosa. Na Joka lako la Ntahangwa anakula kuta, sawa, lakini benchi haruhusiwi kuligusa. Uzito si dawa, Anouar. Tatizo ni kwamba kukaa nje hakuna mwisho. Anayesubiri uwanjani ndiye anayechoka, aliye benchi ananenepa.

Nakuletea karatasi ileile. Tia saini.

Sasa la pili, na hili nimelizungushia maneno barua nzima. Khaled, yule mwenye duka la spea nyuma ya soko, ameleta posa. Barua imefika na wazee wake wawili, imekunjwa kwenye kitambaa cheupe, imewekwa mezani kwa baba mdogo. Ningekuwa na bahati angekuwa mtu mbaya. Ni mtu mwema, haongei sana, na mama yangu amempenda kwa sababu alimsikia akimwambia fundi wake "pole". Baba mdogo akaniita. "We Adija, mi si kipofu. Najua unangojea nani. Lakini nitamujibu Khaled mwisho wa Shawali. Kama Anouar anataka kitu, alete karatasi yenye jina yake na sinyatire yake. Maneno ya ku lori mi sitaki."

Ndiyo hivyo, anataka saini yako. Mwisho wa Shawali ni mwisho wa mwezi wa nne. Sikuombi kitu, maana kuomba si kazi yangu. Nakujulisha tarehe.

Na unijibu kwa ukweli: ni nani anayekuandikia barua? Mkono huu si wako. Herufi zimelala upande kama za mwanamke aliyesoma kwa masista. Kama yupo, niambie. Nitalia siku mbili, kisha nitaendelea kushona.

Adija

*

Dar es Salaam
16 Machi 2025

Adija,

Ramadhani njema. Hakuna mwanamke. Naapa kwa mfungo wangu.

Kuhusu sheria, bado sikubali zamu tatu. Aliyejeruhiwa hajui atapona lini, na si haki uwanja umpangie. Mwingine anahitaji zamu mbili, mwingine saba. Ukimtoa kwa hesabu, utamtoa hata yule aliyekuwa karibu kusimama. Naomba usiharakishe. Nakurudishia karatasi bila saini, usinikasirikie.

Lile jingine jibu lake linakuja. Lisubiri. Siwezi kuliandika kwa namna ninavyoandika siku hizi.

Anouar

*

Buyenzi
3 Aprili 2025

Anouar,

Idi imekwisha. Biriani ilitosha, kanzu nne nilizishona usiku wa mwezi kuandama, na karatasi yako nimeitumia.

Ndiyo, ile tupu. Nikueleze ilivyokuwa, kisha ukasirike ukipenda. Fainali ilikuwa ya Joëlla na Gélase, barazani kwangu, watu wamejaa mpaka barabarani. Uzito tulishaurudisha saba, kila mtu alikataa tisa yako. Joëlla akampeleka Kiboko benchi. Zamu nne, tano, sita. Gélase akaweka kadi zake chini. "Mi siendelei. Aseme kama anacheza ao anakaa." Joëlla akajibu, na haki alikuwa nayo, "Mi sijavunja kitu. Munionyeshe fasi imeandikwa." Wakanigeukia mimi. Wote, Anouar. Watu hamsini wananitazama niamue, na tuliapa asiamue mmoja peke yake.

Nikaingia ndani. Nikafungua droo, nikaondoa vifungo. Nilikaa kitandani na karatasi ile magotini, nikaitazama saini yako, ule mkia wa R unavyorudi nyuma kama umesahau kitu. Mara mbili nimekuomba, mara mbili umenirudishia mkono mtupu. Posa ya mwenzio iko mezani na wewe unaniambia "lisubiri". Usiniambie subira huvuta heri. Heri yenyewe imekaa benchi mwaka na nusu. Nikaandika juu ya jina lako: "Dubwana akae benchi zamu tatu, basi. Zamu ya tatu ikiisha hajarudi uwanjani, ahesabiwe ametoka." Nikatia saini yangu kando yako, nikatoka, nikaisoma kwa sauti. Joëlla akaisogelea, akaziona saini mbili, akasema, "Sawa. Imeandikwa." Tukaanza upya. Gélase akashinda, na Kiboko wake alikufa akipiga.

Walipoondoka nilifagia baraza peke yangu. Nilikuwa naandika kwa hasira, na hasira haikuwa ya Joëlla. Nataka ulijue hilo. Idi mbili sasa. Nakutaka hapa, ukikata katoni vibaya na kunilaumu mimi mkasi ni butu. Nakutaka mpaka nimechoka kukutaka.

Adija

*

Dar es Salaam
6 Aprili 2025

Adija wangu,

Barua yako ya Idi bado haijanifikia, Salvator amekwama mpakani. Hii naiandika mwenyewe. Utaona. Mistari inapanda mlima na kushuka, na ukurasa huu mmoja umenichukua tangu asubuhi, kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto.

Septemba iliyopita mashine ya kukata karatasi ilinichukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Ni kile cha shahada na cha katikati, ndivyo vilivyoshika penseli. Kosa lilikuwa langu; nilikuwa natazama rangi ya kadi zilizokuwa zikitoka upande wa pili, nikifikiria Kiboko wetu atapendezaje kwa rangi ile. Kuanzia hapo nabeba mabunda, sichapi. Barua zangu aliniandikia Valéry, kijana Mrundi mwenzangu tunayeishi chumba kimoja, na ndiyo, kweli alisoma kwa masista. Mimi nasema, yeye anaandika. Ulitaka niseme nini mbele ya Valéry kuhusu wewe? Nilikuwa naongea habari za uzito wa Kiboko huku moyo unanichemka.

Sasa unajua kwa nini sikutia saini. Sheria yako ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. Nilibuni hoja, nikamuumiza hata Gélase, ili tu usione kwamba siwezi tena kuandika jina langu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kalamu. Niliona haya. Wewe ulimpenda mtu anayechora.

Nakuomba kitu kimoja. Ile karatasi tupu sikukuachia kwa ajili ya mchezo. Nilisema "dharura" kwa kuwa midomo ilikuwa mizito, lori linanguruma, na sikuwa na chochote cha kuweka mbele ya baba mdogo wako. Saini ile ni ya mkono wangu mzima. Baba mdogo anaijua, nilimwandikia vibao vyote vya garaji yake. Hii ya kushoto ataikana, atasema umeichora wewe. Basi ichukue ile karatasi, andika juu yake posa yangu. Andika unavyotaka uposwe. Jina lipo tayari chini, limekungoja huko kwa muda wote huu.

Dubwana wa ishirini na moja yumo ndani. Nimemchora kwa kushoto. Miguu haijalingana na jicho moja limeponyoka. Mpe uzito mmoja, na umtafutie atakayemwogopa.

Anouar

*

Buyenzi
27 Aprili 2025

Anouar,

Barua yako nimeipata Jumatano nikiwa nashona gauni la harusi la mtu. Nimelitia doa la machozi kifuani, nimelificha kwa ua la lesi. Ndipo nikacheka, nikalia tena. Karatasi yetu, Anouar! Posa yangu! Nimeimalizia kwa Kiboko.

Nililala na jambo hilo siku mbili. Mara mia nilisema niandike posa kwenye karatasi nyingine na kuiga ule mkia wa R. Mkono wangu unaweza, natarizi mambo magumu kuliko hayo. Lakini baba mdogo amenilea, na uwongo ungekaa mezani petu maisha. Basi juzi, baada ya sala ya Ijumaa na watu kupungua, nilimwendea garajini na vitu vitatu: barua yako ya mkono wa kushoto, kadi yako ya dubwana mbovu, na ile sheria. Nikamwambia yote. Posa sina, nikasema. Nilichonacho ni hiki.

Barua aliisoma amesimama. Alipofika kwenye vidole akakaa juu ya tairi, akakunja na kukunjua kiganja chake mwenyewe. Kisha akachukua sheria, akaigeuza kwenye mwanga.

"Sinyatire ni yake. Mi naijua. Maneno ni yako."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Alisinya kabla ya kuona maneno?"

"Ndiyo."

"Mutu mwenye kusinya karatasi tupu ni mujinga," akasema, "ao anakuamini kupita kiasi." Akaisoma tena, kidole kikifuata mstari. "Zamu tatu. Ikiisha, ametoka. Zamu moja ni nini, kwa mutu?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Idi ya mfungo."

"Amekosa ngapi?"

"Mbili."

Akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia. "Basi iko na moja. Khaled ni mutu muzuri, siwezi kumusimamisha pa mulango mwaka muzima, barua yake nitamurudishia mwenyewe, na heshima yake. Lakini mi sitavunja sheria yenye mutu amesinya. Idi yenye kuja akuje na miguu yake, anipe mukono. Ule wenye vidole tatu. Ndo ile nataka." Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Na ule mudubwana wake ni mubaya sana. Umwambie."

Leo asubuhi amevaa kanzu yake nyeupe, ameipeleka barua ya Khaled kwa wenyewe. Mama hajanisemesha tangu chakula cha mchana. Khaled nilimpitia dukani kwake nikamwomba radhi kwa mdomo wangu, akaniambia, "Si kitu, dada," akaendelea kupanga plagi zilezile alizokwisha kuzipanga. Hilo nitalibeba. Ulijue nawe, maana tumelifanya wawili.

Sasa nisikilize. Ile sheria uliyoikataa mara mbili ndiyo imekupa mwaka. Niliiandika kukutoa, ikakubakiza. Lakini ni sheria, ina saini zetu wote, na mimi ndiye ninayeilinda barazani hapa. Idi ijayo ikiisha hujarudi, nitakuhesabu umetoka, hata kama nitakufa nikihesabu. Kadi za rangi sizitaki. Katoni za sabuni bado zipo. Na aliyekudanganya kwamba nilipenda vidole ni nani? Nilimpenda mtu aliyesema asiamue mmoja peke yake, halafu akaamua peke yake kunificha maumivu yake. Hilo tutaligombania ukifika.

Dubwana wako nimempa uzito mmoja. Vijana wamemcheka, Gélase ameshashinda naye mara mbili. Nimeuliza anamwogopa nani, hakuna aliyejua.

Ndani ya bahasha nimekutilia karatasi. Ni tupu. Saini iliyo chini ni yangu, nimeitia leo, akili zangu zote nikiwa nazo. Juu yake andika unachotaka, kwa mkono wowote ulionao, na mimi nimeshakubali.

Ila hii, Anouar, usiimalizie kwa Kiboko.

Adija